Kapteni Asiyeruhusiwa Kufa

Ukiniuliza ile katuni ilihusu nini nitakwambia sijui, na mimi ndiye niliyerekodi sauti zake zote. Aliyejua alikuwa Verna Stuckey, na hata yeye nadhani alikuwa anabahatisha tu.

Mwaka ule wa sabini na tisa tulikuwa na studio nyuma ya duka la matairi pale Burbank, mji wa watu wa filamu. Kazi yetu ilikuwa kuchukua katuni za Kijapani, zile za meli zinazopaa angani kwenda kupigana na watu wa nyota za mbali, tukazitia maneno ya Kiingereza ili watoto wazione kwenye televisheni wakitoka shule. Filamu zilikuja kwa ndege. Tafsiri ya maneno yake, tuliambiwa, inakuja kwa meli. Hiyo meli naingoja mpaka leo.

Basi Verna alikuwa anakaa mbele ya kioo kidogo cha picha, sweta mabegani kwa sababu ya baridi ya kiyoyozi, sigara mkononi, anatazama midomo inavyofunguka na kufumba, kisha anatunga maneno ya kuijaza. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, zamani akiandika michezo ya redio, na hakuwa anajua neno hata moja la Kijapani. Nani ndugu ya nani, nani adui, vita vimeanzaje, yote aliyasoma usoni mwa watu waliochorwa. Kuna binti mmoja mwenye nywele za bluu alikuwa dada wa rubani kwa wiki kadhaa, mpaka filamu nyingine ikafika, tukawaona wanabusiana. Tukatazamana. Verna akavuta sigara yake akasema haina neno, tutasema aliokotwa akiwa mtoto, hawana damu moja. Nikamwambia, mama, siku moja watatufunga.

Halafu kulikuwa na amri za bosi wetu, Stan Gruber. Ya kwanza ilitoka kwa wenye televisheni: katika kipindi cha watoto mtu hafi. Meli italipuka vipande vipande, lakini lazima sauti isikike ikisema wote wametoka salama. Ya pili ilikuwa yake mwenyewe: kusiwe na kimya. Aliamini mtoto akisikia kimya anabadilisha stesheni. Hata meli ikipita peke yake gizani, ilibidi mtu aseme, "Tunapita sasa!" Upuuzi mtupu, lakini ndivyo tulivyofanya kazi, na studio za wenzetu zilifanya vivyo hivyo.

Kapteni wa meli yetu alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe, na sauti yake aliitoa Delbert Oakes, mzee kweli, aliyekuwa amecheza wapanda farasi wa redioni kabla sijazaliwa. Alikuja kazini amefunga tai, mfukoni machungwa ya uani kwake. Mke wake, Maxine, figo zilikuwa zimemfia, akaishi kwa mashine ya kusafisha damu. Mashine ile ililipwa na bima ya chama cha waigizaji, na bima ile mwigizaji huipata akiwa na kazi ya kutosha kwa mwaka. Kazi ikipungua, bima inakatika. Delbert kazi aliyobaki nayo ilikuwa ile ya kapteni. Hakuna aliyekuwa haelewi pale studio, hata fundi wa duka la matairi alijua.

Sasa ikaja filamu moja. Kapteni amekaa kitini peke yake, anaiangalia dunia dirishani, picha mkononi. Picha ikaanguka. Akafumba macho. Verna akasema amelala, maskini, amechoka, akamwandikia aseme wamwamshe wakifika. Tukarekodi. Filamu iliyofuata kapteni hayupo. Iliyofuata tena hayupo. Tulimtafuta kama mtu anavyotafuta funguo za gari, tunarudisha picha nyuma na mbele, wapi.

Gruber akaingia akasema kama kapteni haonekani, Delbert asiitwe tena. Kwake ilikuwa hesabu rahisi.

"Nani amesema haonekani?" Verna akamjibu. "Yule pale."

Akaonyesha mtu fulani amevaa kofia ya chuma, ametugeuzia mgongo, amebeba sanduku. Gruber akatazama, akakuna kichwa, akaondoka.

Tangu siku hiyo kila mgongo ukawa kapteni. Mlango ukifungwa, kapteni yuko nyuma yake anatoa amri. Redio ikikwaruza, ni kapteni anapiga kutoka chumba cha injini. Siku moja mgongo wenyewe ulikuwa ndani ya meli ya maadui, Verna alikuwa ameshaandika, ikabidi atunge kwamba kapteni amekwenda kupeleleza. Mimi kichwa kiliniuma. Nilikuwa sijui tena nani anampiga nani. Delbert naye alikuwa anashika karatasi yake anauliza kwa adabu:

"Verna, leo niko wapi?"

"Bafuni, Del."

"Tena?"

Alicheka, akaingia, akasema maneno yake ya bafuni kwa sauti ya mtu anayeongoza jeshi. Na mashine ya Maxine ikaendelea kuzunguka.

Maxine alifariki Jumanne moja mwezi wa Septemba. Tulimwambia Delbert apumzike. Wiki haikuisha, akaja, tai shingoni, macho makavu kabisa, akauliza filamu iko tayari.

Sikutaka aione. Ilikuwa imefika siku chache kabla Maxine hajafariki. Mabaharia wote wamejipanga, mbele yao picha ya kapteni imezungushiwa kitambaa cheusi, maua chini, na kila mtu analia bila kufungua mdomo. Hapo ndipo sisi wajinga tulipoelewa kwamba mzee alikufa zamani, pale kitini. Verna alikuwa ameshamaliza kuandika kabla msiba haujatokea: ni siku ya kuzaliwa ya kapteni, wanalia kwa furaha, naye anawashukuru kwa keki kutoka nyuma ya pazia.

Delbert akavaa spika za masikioni. Nikawasha. Picha ikapita yote, hakusema kitu. Nikairudisha, nikawasha tena. Kimya. Akavua zile spika, akaziweka mezani taratibu.

"Verna," akasema, "hawa watu wananililia mimi?"

"Ndiyo, Del."

"Basi niacheni wanilie."

Verna akatoka nyuma ya kioo cha chumba cha kurekodia, akamwendea. Akamwambia waziwazi kwamba kapteni akizikwa leo, Gruber hatamwita tena, na bima nayo itakwenda.

"Bima ilikuwa ya Max," Delbert akasema.

Verna akachukua karatasi yenye maneno ya keki, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa sweta, akanipa ishara. Nikarekodi mabaharia wakilia bila neno hata moja. Mshale wa kipimo cha sauti ulilala, haukutikisika. Katikati Gruber akafungua mlango akauliza mbona hakuna anayesema. Mimi nina hasira za karibu, kila mtu anajua, nikamwambia afunge mlango huo kabla sijaufunga na kichwa chake. Akaufunga.

Filamu ilipoisha nilidhani Delbert atanyanyuka. Hakunyanyuka. Verna alikuwa amekaa kando yake, amemshika mkono.

"Irudishe tena, Augie," mzee akaniambia.

Nikairudisha. Wale mabaharia wakajipanga upya mbele ya picha, wakaanza kulia, na safari hii Delbert akalia nao.