Bi Tulia achagua kamera isiyo na mkanda

Saa tatu asubuhi, duka la kamera ndiyo kwanza limefunguliwa, na tayari Bi Tulia amemwomba muuzaji azime redio. Anataka kusikia. Anainua kamera, anaiegemeza shavuni, anafumba jicho la kushoto na kubonyeza.

"Mbona imenyamaza?" anauliza.

"Imeshapiga, dada," anajibu muuzaji, mwanamke wa makamo aliyetundika miwani shingoni kwa kamba. "Sauti unaweza kuiweka ukitaka."

"Sauti ya kuwekwa?" Bi Tulia anamgeukia mumewe, aliyekaa kwenye stuli karibu na mlango. "Umesikia, mzee wangu? Kesho watatuuzia na kikohozi."

Wakati wao wanacheka, kidole gumba chake cha kulia kinapapasa mgongo wa kamera, kikitafuta kile kishikio cha kusogezea mkanda wa filamu. Hakipo. Anakirudisha kidole taratibu na kukificha ndani ya ngumi.

Jina la Bi Tulia alipewa na wateja. Kwa zaidi ya miaka thelathini, kabla ya kubonyeza, amekuwa akisema neno hilo moja, "Tulia!", na watoto wanaolia hunyamaza kwa mshangao. Studio yake ni chumba kimoja kati ya kinyozi na muuza viatu: pazia la bluu, benchi, kioo, na kitana kilichofungwa kwa mnyororo kwa sababu, kwa maneno yake, "vitana vya studio vina miguu."

Zamani Jumamosi moja ilimaliza mikanda mitano. Mwaka jana mkanda mmoja ulichukua hata wiki mbili. Baadhi ya watu waliingia kuchana nywele tu, kisha wakajipiga picha wenyewe kwa simu pale mlangoni.

"Wananiambia, mama, sogea kidogo, unatuzibia mwanga," anasimulia, akicheka kicheko ambacho hakifiki mbali.

Hata hivyo, hakuiacha filamu. Filamu zilipoadimika madukani alizitafuta kwa watu aliowajua. Maabara ya kusafishia picha za rangi ilipofungwa, akaanza kupeleka mikanda yake mji wa jirani. Kilichomvunja moyo ni harusi ya msusi wa mtaani kwao.

Mikanda aliyoitumia siku hiyo ilikuwa imekaa mno kwenye droo ya mtu aliyemuuzia, hadi ikaharibika. Picha ziliporudi, kila sura ilikuwa imefunikwa na ukungu wa kijani. Bwana harusi alionekana kama moshi uliovaa tai.

"Nilikaa na ile bahasha siku nzima," anasema Bi Tulia. "Nilikuwa nafikiria nimwambie nini yule binti. Harusi hairudiwi."

Mwishowe alimpelekea. Msusi alizitazama picha moja moja. Kisha akauliza, "Mama, huyu ni mimi au ni jini wangu?" Akacheka hadi machozi yakamtoka, na Bi Tulia akatokwa na yake, ila hayakuwa ya kucheka.

Walirudia picha. Gauni la kwanza lilikuwa limesharudishwa kwa mwenyewe, wakaazima jingine. Bwana harusi alikuwa amenyoa ndevu. "Sasa wakwe wanaamini nilibadilisha nguo katikati ya sherehe," msusi aliniambia. "Nimewaacha waamini hivyo hivyo."

Jioni ya siku ile ya kurudia picha, Bi Tulia alimwambia mumewe kwamba anafunga studio. Mumewe, fundi redio aliyestaafu, hakumbembeleza.

"Nilimwuliza kitu kimoja tu," anasema mzee huyo. "Umechoka na picha, au umechoka na filamu? Akaniambia nimpishe apike. Nikajua nimempata."

Ndiyo maana leo wako dukani. Muuzaji ameshamwonyesha kamera ndogo zinazong'aa, zisizo na tundu la kuchungulia; mtu hutazama kioo cha nyuma tu. Bi Tulia ameinyoosha moja mbele yake kwa urefu wa mikono yote miwili.

"Hivi ndivyo nisomavyo maandishi ya dawa nikisahau miwani," anasema. "Mikono inatetemeka. Mimi nataka kitu cha kuegemeza usoni."

Anakataa nyingine kwa kuwa nyepesi mno, na nyingine kwa kuwa na vitufe vingi "kama koti la askari". Mwishowe anaomba ile iliyo kwenye rafu ya chini. Imeshatumika, rangi imebanduka pembeni, lakini ina magurudumu ya kuzungusha yenye namba anazozijua tangu ujana. Anachungulia. Anabonyeza. Safari hii inasikika: kla!

"Hii inaongea," anasema. Bei yake ni sawa na kodi ya studio ya miezi minne. Anaikumbatia kabla hajalipa.

Wiki tatu baadaye namkuta studioni akigombana na wateja wanaokimbilia kuona kioo cha kamera baada ya kila picha. "Kaeni! Tumalize kwanza!" Hiyo ndiyo sehemu aliyoichukia zaidi, mpaka alipokuja mwashi mmoja aliyetaka picha ya kumtumia binti yake anayesoma mbali.

Mwashi alikaa wima kama nguzo, amekunja uso. Bi Tulia alipochoka kumsihi alegee, alimwonyesha picha ya kwanza kwenye kioo cha kamera.

"Kumbe ndivyo nilivyo?" mwashi akashtuka. "Ndiyo maana yule mtoto akinipigia simu huanza kwa kuomba samahani!"

Alicheka mwenyewe, na Bi Tulia, ambaye hajawahi kuhitaji muda mrefu, akabonyeza. Mwashi akaiona hiyo ya pili. Alitoa leso, akajifuta vumbi usoni, ingawa picha ilikuwa imeshapigwa.

"Kwa filamu ningempa ile ya kwanza," anasema Bi Tulia. "Na binti angeendelea kuomba samahani."

Anapofunga studio, ananionyesha albamu ya familia. Ni nyembamba. Mikanda yote ilikuwa ya wateja. Watoto wake walipigwa picha moja ya mwishoni mwa mkanda, kama ilibaki. Nyingine zimekatika katikati, pale filamu ilipoishia. Kuna mtoto asiye na bega, na keki bila mwenye kuikata. Mumewe hayumo kabisa, maana ndiye aliyeshika taa.

Mpango wake ni kumpiga picha mumewe kila siku, bila shughuli yoyote: akinyoa, akipuliza chai, akisinzia na gazeti kifuani.

"Nimemwambia aniache angalau nivae shati," mzee analalamika.

"Vaa, mzee wangu, usivae, shauri yako," anajibu mkewe, kamera ikiwa imeshaegemea shavuni. "Hii haiishi."