Konokono Tisa wa Bwana Semina

Usiku ule tuliikalia simu kama watu waliokalia mgonjwa. Kamati ya kituo cha utafiti wa ziwa ilikuwa imekaa tangu alasiri, na binti yangu aliambiwa asubiri nyumbani, asikanyage kituoni. Wangempigia kumwambia kama anabaki kazini au unga wake umemwagika. Saa sita ikalia. Hawajamaliza, wataendelea saa mbili asubuhi.

"Mama, kalale," akaniambia. "Ukinikodolea macho hivyo nitadhani nimeiba kweli."

Kisa chenyewe ni konokono. Pale kituoni yeye ndiye anayetunza matangi ya viumbe wageni, wale walioletwa kutoka mbali na sasa wanavamia maziwa ya watu. Mimi nafagia na kupika chai palepale, kwa hiyo nimemwona akiifanya kazi hiyo miaka sita. Alipokuwa mdogo akiona mjusi alikuwa anapanda juu ya kiti. Leo anashika konokono wakubwa kama ngumi, ute unamchuruzika hadi kwenye kiwiko, na harufu yake ni ya kitambaa cha jikoni kilichosahauliwa wiki nzima. Watoto wa shule wakija, anawaonyesha mayai ya rangi ya waridi ambayo konokono wameyabandika ukutani mwa tangi, juu ya maji.

"Yanapendeza, sivyo? Haya yakifika mashambani kwenu, mpunga kwaheri."

Wanamwita Mwalimu Konokono. Kila jioni anawahesabu mmoja mmoja. Hata maji ya tangi hayamwagi kabla ya kuyachemsha kwenye sufuria moja kubwa ambayo mimi siisogelei.

Wiki moja kabla ya usiku ule aliacha arobaini jioni, asubuhi akakuta thelathini na mmoja. Akaripoti mwenyewe. Funguo za chumba kile ni mbili, wa kwake na wa mkuu wa kituo. Mkuu huyo sisi wafagiaji tunamwita Bwana Semina, maana hata ukimwamkia anakujibu kwa hotuba. Akasema ufunguo wake haujatoka kwenye droo, basi wa kulaumiwa akabaki binti yangu. Nami nikamwamini, mjinga mimi.

Jumamosi huwa nafua nyumbani kwake. Nilizunguka nyuma ya nyumba kuanika mashuka, karibu na kibwawa chake cha samaki wa mapambo, nikaona rangi ya waridi ukutani. Nikainama. Mayai. Na chini yake konokono, anajikokota taratibu kama mwenye nyumba. Bomba la kibwawa linamwaga mtaroni, na mtaro unaishia ziwani.

Mkewe akanikuta nimeinama.

"Umewaona wageni wangu? Mume wangu ndiye kaniletea. Wanakula ukoga, sisugui tena."

"Wazuri sana, mama," nikasema, na nikacheka. Kicheko kile mpaka leo kinanitia kinyaa. Alipoingia ndani nikakwangua mayai kwa kijiko, nikayatia kwenye chupa tupu ya jemu.

Siku nne chupa ile ilikaa chini ya sinki langu, nyuma ya sabuni. Mimi ninayesugua hata miguu ya meza nililala na uchafu ule nyumbani, nikaufumba mdomo, kwa kuwa bosi wa mwanangu ndiye bosi wangu. Usiku ule wa simu nikaitoa, nikaiweka mezani na kumweleza yote.

Aliitazama chupa, kisha akanitazama mimi.

"Siku nne, Mama?"

"Nilidhani watakusamehe."

"Wanisamehe nini?"

Akainuka, akavaa glavu zake, akakaza kifuniko.

"Usiyaguse kwa mkono mtupu, yana sumu," akasema. "Na kamati wakishayaona, yachemshwe."

Asubuhi nilipita ukumbini na sinia kama kawaida, birika upande mmoja, chupa upande wa pili. Nje ya mlango wa mkutano nikaisikia sauti ya Bwana Semina, imenyooka kama imepigwa pasi: "Ndugu zangu, utafiti bila uaminifu ni bure. Yule binti ametuaibisha."

Nilitamani kutema mate, ila sakafu ile naipiga deki mwenyewe.

Nikabisha. Nikabisha tena, kwa nguvu.

Akafungua yeye, kidogo tu, akatoa kichwa. "Mama, chai si mpaka saa nne?"

Kisha macho yake yakashuka kwenye sinia. Akaiona rangi ile ya waridi. Akaanza kuurudisha mlango polepole, kwa adabu kabisa, kama ninayefungiwa si mtu. Nikatanguliza mguu wenye kandambili.

"Nani huyo?" mwenyekiti wa kamati akauliza kutoka ndani.

"Mama wa chai tu, mzee."

"Ni mama wa Mwalimu Konokono," nikasema kwa sauti. "Nimewaletea watoto wa wale tisa."

Kiti kikakwaruza sakafu. Hatua zikaja. Mkono mwingine ukaushika mlango juu ya mkono wake, ukaufungua wote.