Khalayi na Orodha ya Wanane

Khalayi anapondanga mawe. Ukipita kwenye machimbo ya dhahabu kule nje ya Iguhu utamkuta amekaa juu ya gunia, miguu ameinyoosha, nyundo mkono wa kulia, na mkono wa kushoto umezungushia jiwe kipande cha tairi ili vigae visimrukie machoni. Ana vidole tisa na nusu. Ukimwuliza ile nusu ilienda wapi, anakwambia, "Iko shingoni mwa mke wa tajiri fulani."

Mume wake, Were, ndiye aliyekuwa akishuka shimoni. Miaka kumi na moja walifanya kazi hivyo, mmoja chini, mmoja juu. Mawe ya Were aliyajua hata yakichanganywa na ya wengine, kwa sababu Were alikuwa anayapandisha makubwa makubwa bila kuyapunguza.

"Shemeji," Khalayi aliniambia wiki yangu ya kwanza pale, "huyu mtu hata chini ya ardhi ni mvivu."

Lakini saa saba ikifika humwoni akila obusuma, ugali wake, mpaka Were apande.

Mimi nilikuwa mgeni. Diploma yangu ya ujenzi ilikwama mwaka wa pili, nikapata kazi ya kulinda mashine ya hewa: injini ndogo ya petroli inayosukuma upepo kwa bomba hadi kwa wachimbaji. Kazi ya mtu yeyote mwenye masikio. Ikinguruma, watu wanapumua. Ikizima, unaiwasha kabla hujamaliza kutukana.

Jumatatu moja ya Mei, baada ya mvua ya siku tatu, ukuta wa shimo uliporomoka. Watu wanane walikuwa chini. Wenzao walichimba kwa majembe, kwa sufuria, kwa mikono, na kufikia saa kumi jioni walikuwa wametoa saba, matope hadi kwenye meno, lakini wazima. Were hakuwa kati yao.

Hapo ndipo serikali ilipofika. Aliyetumwa kusimamia uokoaji aliitwa Phineas, ingawa ukimwita hivyo bila kutanguliza "mheshimiwa" alikuwa akigeuka kuangalia nani anaitwa. Viatu vyake vilikuwa safi. Aliuliza wangapi waliingia, akaambiwa wanane. Akauliza, "Nani hapa amesoma?" Nikasukumwa mbele. Nikapewa karatasi niandike majina ya waliookolewa, huku watu wakiyapiga kelele kutoka kila upande.

Makosa yalikuwa yangu, na nayasema mapema. Kulikuwa na jamaa mmoja mwenye shingo kama gunia la mahindi. Mama yake alilia, "Willis wangu ametoka!" nikaandika Willis. Vijana wakashangilia, "Tyson! Tyson yuko hai!" nikaandika Tyson. Ni mtu yule yule. Mimi nilimjua kwa Tyson tu. Jina la Willis sikuwahi kulisikia. Machimboni mtu anaweza kufa ukiwa hujui aliitwa nani kanisani.

Majina yakawa manane. Mheshimiwa Phineas aliichukua karatasi, akaenda mbele ya vinasa sauti vya redio, akatangaza: wanane waliingia, wanane wametoka, tumshukuru Mungu na serikali. Watu wa mbali walipiga makofi.

Khalayi hakupiga. Tangu asubuhi alikuwa amesimama mdomoni mwa shimo akiangalia kila uso uliopandishwa. Alimwendea.

"Mkubwa, wa nane ni nani?"

"Mama, orodha iko hapa."

"Orodha sijaolewa nayo. Nauliza mume wangu."

Phineas alimsomea majina yote polepole, kama mtu anayemlisha mtoto uji. Alipofika mwisho, Tyson mwenyewe alisimama, blanketi mabegani, akitetemeka.

"Mheshimiwa, Willis ni mimi. Na Tyson ni mimi pia."

"Wewe keti, umeshtuka."

"Nimeshtuka ndiyo, lakini bado niko mmoja!"

Watu walicheka. Nafikiri kicheko kile ndicho kilichomwua Were, kwa sababu uso wa Phineas ulifungika pale pale. Nilimfuata hadi kwenye gari. Nikamwambia ni mimi niliyekosea, nimeandika mtu mmoja mara mbili, anipe kalamu nikate jina moja.

"Kijana, orodha imeshafika Nairobi," alisema. "Unataka nipigie Nairobi niwaambie nini? Kwamba mtu mmoja amerudi shimoni?"

Akafunga kioo.

Jumanne shimo lilizungushiwa utepe, wakawekwa polisi wawili, na kuchimba kukapigwa marufuku eti ardhi bado inatembea. Mimi mashine yangu sikuizima. Bomba lilikuwa limebanwa na udongo lakini halikukatika. Nilisikia upepo ukiingia. Khalayi alipita chini ya utepe, akapiga magoti, akaweka sikio kwenye bomba. Wachimbaji wana desturi: ukitaka kuvutwa juu unagonga bomba kwa jiwe mara tatu, unanyamaza, unagonga tena.

Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha akaniita kwa mkono bila kuinua kichwa. Nikaweka sikio upande wa pili.

Ko, ko, ko. Kimya. Ko, ko, ko.

Khalayi alichukua nyundo yake akajibu tatu. Kutoka chini zikarudi haraka haraka, zaidi ya tatu, bila mpango, kama mtu anayecheka au anayelia. Afisa mmoja wa polisi, Kiprono, alisikiliza naye, akavua kofia, akampigia Phineas simu. Tulisikia jibu kwa sababu simu ile ilikuwa na sauti kubwa: "Ni mawe yanashuka. Nani alikuruhusu kusikiliza?"

Hata hivyo, Jumatano asubuhi Phineas alikuja mwenyewe. Hakuweka sikio. Aliiangalia mashine.

"Kama chini hakuna mtu, hii inampulizia nani?"

"Were," Khalayi alisema.

"Mashine haina leseni. Ipakieni, ni kizibiti."

Khalayi aliikumbatia. Nakwambia alilala juu ya injini yenye moto, nguo ikaanza kunuka. "Baba, nikupigie magoti unataka? Nitapiga. Sitasema kwa redio ulikosea. Nitasema nilimtuma mimi arudi shimoni. Wacha tu ingurume mpaka wamtoe." Walimtoa watu watatu aliokuja nao Phineas. Mimi nilishikwa na wa nne, na sikujitahidi sana; hilo nalo naliandika. Mashine ikazimwa, ikapakiwa.

Bomba liligongwa mpaka jioni. Khalayi alijibu kila mara.

Tyson na wenzake walianza kuchimba kwa siri kutoka shimo la jirani, wakipenya kwa ubavu, na Kiprono akageuza mgongo kama anayeangalia mvua. Walimfikia Ijumaa asubuhi. Were alikuwa amekaa, mgongo ukutani, mdomo umeelekea bomba. Mwili haukuwa hata umevimba. Daktari alisema amekufa Alhamisi, hapo mchana mchana.

Tukadhani sasa mambo yamekwisha: mtu aliyekufa Alhamisi alikuwa hai Jumatatu, hata mtoto wa chekechea anaona. Lakini Phineas alifurahi. Kweli, alifurahi. "Mnaona? Angekuwa mle tangu Jumatatu angekuwa ameoza. Huyu aliingia Jumatano kuiba, baada ya mimi kufunga."

Akaandika taarifa hivyo. Mwili ulikuwa mochari chini ya polisi, na hautatoka mpaka mke aweke sahihi.

"Andika Jumatatu," Khalayi alisema.

"Weka sahihi, mama."

"Andika Jumatatu."

Siku sita alienda ofisini kwa Phineas, mjini Kakamega, akaketi kwenye benchi, akasema neno hilo moja, akarudi. Nyumbani moto wa matanga uliwaka bila maiti. Siku ya saba mama yake Were, kikongwe asiyeona vizuri, alifuatana naye.

"Khalayi, mwanangu analala kwa baridi. Wewe unashindana na nani?"

Khalayi aliweka sahihi. Chini yake akaandika: aliingia Jumatatu. Karani akaichana karatasi, akaleta nyingine. Khalayi aliiangalia ile nyingine, akamwangalia kikongwe, akaweka sahihi tupu.

Tulimzika Jumamosi. Fundi Wesley alipomwuliza aandike nini msalabani, Khalayi alimpa tarehe tatu: ya kuzaliwa, ya kuingia shimoni, ya kufa. Wesley alisema msalaba una nafasi ya mbili. Akaambiwa aongeze ubao.

Wiki iliyofuata naibu wa chifu alikuja na kopo la rangi nyeupe. Alisema ametumwa; ile tarehe ya katikati inapingana na faili. Khalayi alimwonyesha kaburi lilipo, kisha akarudi kuketi kwenye gunia lake hapo uani. Naibu wa chifu alipaka polepole, akiomba radhi kwa Kiluhya, kwa sauti ya chini, bila kusema anamwomba nani. Rangi ilikuwa nyepesi. Alipaka mara ya pili, akangoja ikauke, akapaka ya tatu.

Khalayi aliponda mawe muda wote huo. Yalikuwa madogo madogo, ya Tyson.