Albamu Yangu ya Mwaka na Mshenga Aliyesubirishwa

Kuna Jumamosi moja ya Desemba ambayo hainitoki, mwanangu, ingawa nywele zimekwisha kuwa nyeupe na mambo mengine mengi yamenitoka. Nilikuwa binti wa cherehani pale Iringa mjini. Tulishonea kwenye baraza, na mlango wa pili kulikuwa na duka la kaseti la Bi Zuhura, mjane ambaye wazee wake walipanda kutoka pwani zamani kuja kufanya biashara. Yeye mwenyewe alipenda taarabu, lakini dukani aliuza kila kitu: dansi, Kizaire, kwaya, miziki ya Wazungu, na zile kaseti za Zambia zilizokuwa zikipitia mpakani Tunduma.

Bi Zuhura alikuwa na mazoea yake. Mwaka ukielekea ukingoni, hakukuruhusu uondoke dukani mwake kabla hujamjibu swali moja: "Mwaka huu, albamu yako ni ipi?" Ukishataja, alikupigia wimbo mmoja kutoka kwenye hiyo albamu, na watu wakakuzomea au wakakushangilia. Mvua ilikuwa inanyesha siku hiyo, kwa hiyo baraza lilijaa watu waliojibanza, na mabishano yalikuwa matamu. Siku hizi mnafanya hayo hayo kwenye simu. Mnaweka picha za albamu zenu za mwaka, mnatukanana, mnacheka. Msidhani mmeyaanzisha ninyi.

Zamu yangu ilipofika sikusitasita. Nilitaja albamu ya mwanamke mmoja wa Zambia ambaye hakuna mtu pale aliyekuwa amemsikia. Nilikuwa nimeinunua kwa jasho la mikunjo ya sketi za shule, na niliipiga kwenye redio yangu ndogo kila siku nikishona. Lugha yake sikuijua. Lakini sauti ile ilikuwa inatembea taratibu, kama mtu anayepanda mlima akijua atafika, na kinanda kilimfuata nyuma bila kumkanyaga. Nikasema mbele ya watu wote, "Mwaka huu hakuna kama hii."

Aliyecheka kuliko wote alikuwa Ambakisye.

Ngoja nikueleze Ambakisye alikuwa nani. Alikuwa kijana wa Kinyakyusa kutoka Uyole, kule Mbeya, utingo wa lori la mizigo lililokuwa likienda Dar na kurudi. Lori likipumzika Ipogolo, kule chini barabara kuu, yeye alipanda mlima kuja mjini kuniona. Alikuwa mrefu, mchangamfu, anasalimia watu wa kwetu "Kamwene!" kwa lafudhi iliyowafanya bibi zangu wacheke mpaka wafute machozi. Alikwisha kutuma neno nyumbani kwetu, na mwaka mpya ukianza mshenga alikuwa anakuja. Na kwa muziki, watu walimwona kama mtaalamu, maana kilichotoka Dar leo, yeye alikuwa nacho kesho yake.

"Tumaini," akasema, "hiyo ni ya kulaza watoto. Mama, hebu mpigie ile ya magitaa asikie albamu maana yake nini."

Alimaanisha albamu moja ya Kizaire ambayo mwaka ule ilipigwa kila baa, kila harusi, kila kibanda cha kinyozi. Ikapigwa. Baraza zima likayumba. Hata mimi kiuno kilinicheza, kwa nini nikudanganye? Ilikuwa albamu nzuri. Haikuwa yangu tu. Nikacheka nao, nikarudi kwenye cherehani yangu, na sikubadili neno. Kila ndege huruka kwa ubawa wake.

Kabla hajaondoka, Ambakisye akaniomba ile kaseti yangu. Alisema ataisikiliza njiani, labda ataelewa. Nikampa kwa moyo mweupe, nikaona huyu mtu anataka kunijua.

Aliporudi safari iliyofuata alikuwa anang'aa kama sufuria mpya. Akaitia kaseti kwenye redio yangu mwenyewe, akabonyeza, akasimama mikono kiunoni akinitazama uso. Magitaa yakaruka. Nikadhani amekosea kaseti. Nikaitoa, nikaiangalia. Ilikuwa ile ile, ina jina langu nililoliandika kwa kalamu ya bluu. Lakini vile vitundu vya juu, vinavyoizuia kaseti isirekodiwe tena, vilikuwa vimezibwa kwa karatasi. Mwanangu, wewe hukukuta kaseti. Ukiziba vile vitundu, unaweza kurekodi juu ya kilichokuwemo, na kilichokuwemo hakirudi.

"Nimekuboreshea," akasema. "Pande zote mbili. Sasa una kitu cha maana."

Nilitaka kusema neno, lakini alikuwa na furaha ya mtu aliyeleta zawadi, na watu wa barazani walikuwa wanatazama. Nikasema, "Ahsante." Akaenda zake akipiga mluzi.

Bi Zuhura alikuwa amesimama mlangoni mwake muda wote. Hakuwa mwanamke wa kelele. Alinijia, akakaa kwenye stuli ya wateja, akavuta kanga begani.

"Ahsante ya nini?" akaniuliza.

"Mama, alikuwa na nia njema."

"Sikukuuliza nia yake. Nimekuuliza ahsante yako. Kafuta kitu chako bila kukuuliza, na wewe umemshukuru. Leo ni wimbo. Kesho atauza cherehani yako akununulie nyingine anayoipenda yeye, utamshukuru. Kesho kutwa atakuchagulia jina la mtoto, dini ya kusali, ndugu wa kutembelea, na wewe ni ahsante, ahsante."

Nikainamisha kichwa. Nikasema labda naye atabadilika tukishaoana.

"Usipoziba ufa, utajenga ukuta," akasema. "Na mimi sisemi umwache. Kijana yule ana moyo, namuona. Nasema umwambie. Mtu hajulikani kwa kile anachokipenda yeye, maana kila mtu ana anachokipenda. Anajulikana kwa namna anavyokishika kile anachokipenda mwenzake. Mwambie kabla mshenga hajavuka mto Ruaha, kisha umtazame atafanya nini. Hapo ndipo utamjua mumeo."

Akainuka, akarudi dukani, akaniacha na redio yangu.

Lori lilipopita tena, nilimwambia.

"Ile kaseti ilikuwa yangu, Ambakisye. Umeifuta na hukuniuliza. Nimeumia."

Akacheka kidogo. Alipoona sicheki, akakunja uso. "Kaseti tu, Tumaini! Nimekuwekea kitu kizuri zaidi, mji mzima unakijua!"

"Naijua hiyo albamu, na ni nzuri. Lakini mimi sikuihitaji. Waambie wazee wako wasubiri kwanza. Mshenga asije mpaka nikwambie."

Mwanangu, alinitazama kama mtu aliyefungiwa mlango wa nyumba aliyoijenga mwenyewe. Aliteremka kwenda Ipogolo bila kuaga.

Nyumbani kukawaka moto. Mama yangu alikwisha kuwaambia majirani, alikwisha hata kuazima viti. Akanishika mkono akanikalisha jikoni.

"Unamkataa mtu kwa sababu ya wimbo? Wa lugha usiyoijua?"

"Sijamkataa, mama. Nimemsubirisha."

"Wanaume hawasubirishwi kama basi."

"Basi huyu akishindwa kusubiri, bora nijue sasa," nikamjibu, na nilijishangaa mwenyewe nilivyokuwa mtulivu. Mama alisonya, akaendelea kusonga ugali. Wiki zikapita. Malori ya kutoka Mbeya yalipita, na Ambakisye hakupanda mlima. Sitakuficha kwamba nililia. Nilimpenda kijana yule, na kushona huku unalia ni kazi, sindano huwa huioni. Lakini hata siku moja sikujuta kwa lile neno nililolisema. Kulia ni jambo moja, kujuta ni jingine, ukikua utazijua tofauti zake.

Kisha asubuhi moja ya jua kali, mvua zikiwa zimekatika, nikamuona anakuja barazani taratibu, bila mluzi. Akamsalimia Bi Zuhura kwanza, "Shikamoo mama," akaitikiwa. Akaja kwangu, akatoa kaseti mfukoni, akaiweka juu ya kitambaa nilichokuwa nashona. Ilikuwa ile albamu ya Zambia, mpya, bado ina karatasi yake ya nailoni iliyochanwa upande mmoja.

"Nimeitafuta Mbeya nikaikosa," akasema. "Nikaomba ruhusa nikaenda Tunduma. Huko nako nimezunguka mpaka mama mmoja wa vitenge akaniuzia ya kwake. Samahani, nimeifungua. Nilitaka kuisikiliza kabla sijakupa."

"Na?"

Akakuna kichwa. "Sitakudanganya. Bado naipenda ile ya magitaa kuliko hii. Nyimbo za mwanzo zilinipa usingizi. Lakini upande wa pili, wimbo wa mwisho kabisa, yule mama anaimba peke yake, kinanda kimenyamaza. Dereva wangu unamjua, hajawahi kufunga mdomo tangu azaliwe. Alinyamaza kuanzia Igawa mpaka Makambako. Kaseti ikaisha, akasema irudishe nyuma." Akanitazama. "Nilidhani nakupa kitu, kumbe nilikuwa nakunyang'anya. Unisamehe."

Unajua ni nini kilichonimaliza, mwanangu? Hakikuwa kaseti, wala safari ya Tunduma. Ni kule kusema "bado naipenda ile kuliko hii." Angetaka kunibembeleza tu, angesema sasa ameipenda yangu, imeisha hiyo. Lakini alisikiliza mpaka mwisho, akabaki na chake, akaniachia changu, na akanieleza ukweli akinitazama machoni. Nikaona huyu naweza kuzeeka naye.

Nikamwambia, "Mshenga aje."

Bi Zuhura, aliyekuwa anajifanya anapanga kaseti, akapiga kigelegele kilichowatoa watu sokoni. Mama yangu naye alirudishiwa furaha yake, ingawa mpaka anafariki alikuwa akiwahadithia wageni kwamba binti yake aliwahi kusimamisha harusi kwa ajili ya nyimbo za Kibemba kutoka Zambia.

Tumekaa hapa Soweto, Mbeya, miaka mingi sasa. Tumezaa, tumezika, tumejenga, na kila mwaka unapokwisha tunaulizana swali la Bi Zuhura. Hatujawahi kukubaliana hata mara moja. Mwaka huu mzee wangu Ambakisye amechagua albamu ya wale vijana wa Dar wenye ngoma nzito, inayotikisa vikombe kabatini. Mimi nimechagua ya binti mmoja mwenye sauti ya chini chini, ambaye anaimba kuhusu mama yake na shamba la viazi na mapenzi yaliyomshinda, na katikati ya albamu anacheka, cheko la kweli, na waliomrekodi hawakulikata. Nimeisikiliza nikipika, nikipalilia, nikisubiri dawa hospitali. Nimeipitia mwanzo mpaka mwisho, hata zile nyimbo ambazo hazipigwi redioni. Wajukuu wamenicheka, wanasema mtandaoni haina watazamaji. Nikawaambia, watazamaji hawaishi na mimi. Kwangu mimi ndiyo albamu ya mwaka, na nasema hivyo bila kumuuliza mtu.

Ya pili yangu ni ya kijana mmoja anayechanganya gitaa la zamani na midundo ya sasa. Hiyo hata mzee ameikubali nusu, na nusu ya mzee wangu ni kubwa.

Sasa nisikilize, mwanangu, maana utamu wa hadithi usikusahaulishe shauri lenyewe.

Ukipenda kitu, kipende mpaka mwisho wake. Usisifu albamu kwa wimbo mmoja, wala mtu kwa siku moja. Ukishakipenda, kitaje kwa sauti yako, hata kama baraza zima linazomea, kwa kuwa anayeficha anachokipenda ataishia kusahau kwamba alikipenda. Na mwenzako akitaja chake, usikibeze, wala usikimbilie kumbadilishia kwa kudhani unamsaidia. Ukipenda boga, penda na ua lake. Kinachokupita wewe huenda ndicho kinachomfanya yeye aamke asubuhi.

Ukiumizwa na mtu unayempenda, usimshukuru kwa sababu tu alikuwa anatabasamu. Mwambie. Mwambie mapema, kwa adabu, kisha nyamaza umpe nafasi ya kwenda Tunduma yake. Asiyekwenda, umemjua. Aliyekwenda akarudi na ukweli, mfungulie mlango.

Na ukikosea wewe, kama wengi wetu tunavyokosea, usione aibu kupanda mlima ule kurudi. Muungwana ni mwepesi wa kuomba radhi.

Mungu akujalie masikio yanayosikia mbali na ulimi usiomwogopa mtu. Akupe mwenzi wa kubishana naye mpaka mzeeke, wala asiwepo hata mmoja kati yenu anayetaka kushinda. Uzae, uitwe mzazi. Nyumba yako isikose sauti, na mikono yako isikose kazi. Nenda na amani, mwanangu, nami nakutakia mema yote.