Mutima ya kobayi mu kikwembe yangu

Nitasema kwa kinywa yangu mwenyewe, kabla batu ba mutaa yetu ya Mulekera baongeze chumvi: siku ile nilipatisha mujukuu wangu haya kwa mwalimu yake, na pombe sikuonja.

Kahindo, mutoto wa binti yangu (njo wa kwanza kwetu kuingia université, na nitajivuna mpaka kufa), anasoma Butembo, anafuata namna mutima ya kobayi, ile nyama ndogo kama panya pasipo mukia, inatembea kisha kupewa dawa fulani, na siku ile mwalimu akikubali tu, masomo inaisha. Nikatoka Beni kumuona. Chumba ilikuwa giza, rideaux za dirisha zimefungwa, na kobayi ilikuwa inalala chali juu ya meza, kifua imenyolewa, haitikisike. Juu ya écran, kioo ya mashini, mutima yake ilikuwa inafunguka na kujifunga kama kinywa ya mutu anaita pasipo sauti. Kahindo akaondoa ku kifua kamashini kenye kalikuwa kanatuma ile picha, akaenda kuita mwalimu.

Nikagusa nyama: baridi. Nikaangalia écran: mutima ingali inatembea, peke yake mule ndani. (Kumbe ile ni picha balikamata, inajirudilia, na nyama ilipewa dawa ya kulala tu, nani aliniambia?) Nikarudi nyuma hatua moja. Mais mimi ni Munande, kobayi kwetu ni mboga, haitupwe. Nikawaza, kama bamekwisha kutoa mutima, yenye kubakia ni ya kupika. Nikaifunga mu kikwembe, nguo yangu ya kujifunga, ku tumbo, nikakaa kama mama wa kanisa.

Mwalimu akaingia na banafunzi, bakanisalimia vizuri, bakaanza kutafuta kobayi mpaka chini ya meza. Njo nikasikia, tu, tu, tu, ku tumbo yangu, mbio kupita mutima yangu. Nikajua mufu amekuya kudai mutima yake. Nikasimama.

"Papa professeur, kuko kitu mu tumbo yangu, na si mimi nilikiweka."

Na umri yangu hii. Mwanafunzi moja akageukia ukuta, mabega inatikisika. Mwalimu akataka kunilaza ku meza ile ile anipime, hapo kobayi ikatoa kichwa mu kikwembe, ikanikojolea.

Hakuna mwenye alinigombeza. Kahindo akarudisha kamashini ku kifua yake. Mutima ilikuwa inakimbia vibaya.

"Koko," mujukuu wangu akasema polepole, "sasa hatujue kama inakimbia sababu ya dawa ao sababu yako."

Donc kazi ikaanza upya, na masomo haijaisha mpaka leo. Nimeapa: mu chumba ya batu ba masomo, mikono yangu itabakia ku mugongo. Na kobayi sikule tena, juu nikilala, ile tu, tu, tu inaanza ku tumbo, na ninawekaka kwanza mukono ku kifua, nijue kama ni yangu.