Mwero apata moto usiomkohoza

Saa mbili asubuhi, kijiji cha Bongwe. Nyuma ya nyumba yake, Mwero Chirau anawasha tochi ya gesi. Si ile ya kumulikia njia, ni ya kutoa moto, na inanguruma kama pikipiki inayopanda mlima. Ndani ya kijumba kidogo cha matofali, kipande cha sipringi ya gari kinageuka chekundu, kisha rangi ya papai bivu.

Moshi hakuna. Kikohozi pia hakuna.

"Husikii kitu, sivyo?" anasema. "Mwaka jana ungekisikia kifua changu kabla hujafika mlangoni."

Mwero, mwenye umri wa miaka 56, hutengeneza vyuma vya mbuzi za kukunia nazi. Kwa wiki huuza kama kumi hivi pale Ukunda. Tangu ujanani amefanya kazi hiyo kwa makaa na mivukuto ya kupulizia moto, mpaka daktari alipomwambia wazi: aache moshi, ama kifua kitamwacha yeye. Wakati huo alikuwa akilala amekaa, mito mitatu mgongoni.

"Mimi nikaificha mivukuto," asema mkewe, Mwanafatuma, bila haya. "Nikamwambia, Baba Sumaiya, hiyo huioni tena. Tafuta moto mwingine."

Sasa hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mwero aliingia dukani akaomba tochi yenye moto mkali kuliko zote. Akapewa ya mafundi wa friji, ya kuunganishia mabomba, moto wake mwembamba kama kijiti cha mshikaki.

"Meno ya chuma yakayeyuka, shina bado jeusi," anakumbuka. "Nikajua kazi imenishinda. Na kazi nyingine siijui."

Mwanafatuma akaweka sharti: hakuna kununua tena kabla ya kuazima. "Hata leso mtu huijaribu mabegani kwanza."

Basi akaazima. Kwanza kwa Kitsao, muuza supu wa Ukunda, anayetumia tochi yake kubabua miguu ya ng'ombe. Ilijitahidi, lakini kila Mwero akiinamisha kikopo chake cha gesi, moto unarukaruka na kuzimika.

"Kitsao akaniuliza, 'Mzee, chuma kimeiva ama nikuletee chumvi?'"

Kisha akaenda kwa Kaingu, fundi anayebandika karatasi za lami juu ya mapaa ya hoteli za Diani. Tochi yake ina mdomo mpana kama kikombe na mpira mrefu, mtungi unakaa mbali kabisa na moto. Hewani, joto lilitawanyika. Mwero akajenga matofali ya tanuri pande zote, akauelekeza moto ndani. Chuma kikaiva chote, mwanzo mpaka mwisho.

Akakifua, akakichonga meno kwa tupa, akakirudisha motoni, akakizamisha kwenye mafuta. Kikabaki kusubiri hukumu ya Mwanafatuma.

Mkewe akakaa juu ya mbuzi yenye chuma hicho, akakuna nazi tano. Mwero kasimama tu, mikono nyuma. Kisha Mwanafatuma akapitisha kidole kwenye meno.

"Hakuna lililopinda. Nenda kanunue tochi kama ya Kaingu."

Siku hizi Mwero analala chali. Binti yao Sumaiya anaolewa baada ya mfungo, na mbuzi itakayoenda na vyombo vyake, chuma chake kitafuliwa na babake mwenyewe.

Na mivukuto je?

"Ilipo najua mimi," asema Mwanafatuma. "Akikaa vizuri nitamwonyesha, siku ya harusi."

Mwero anacheka, kicheko kirefu, na kinafika mwisho wake bila kukatika.