Kipande cha Tumbo

Mafundi seremala wa Keko wanajua kupima mbao, fadhila hawajui kuipima. Sekela aliwapikia miaka mingi pembeni mwa karakana, tangu mumewe alipomtelekeza na watoto. Makubaliano yao hayakuandikwa popote: wao wanakula kwake, yeye anapata vipande vya mbao na maranda ya kuwashia moto. Mama lishe anayepewa kuni na karakana ndiye mama lishe wa karakana. Siku kuni zikienda kwa mwingine, hakuna anayekuja kukuaga. Unaona tu.

Mkubwa wao, Theonest, alikuwa na tumbo la mtu asiyelipenda jasho. Kila siku Sekela alimwekea samaki kipande cha tumbo, penye mafuta. Watoto wake kule Mbagala walibakiziwa ukoko uliolowekwa mchuzi. Mwanamke anapika sufuria ya kulisha kundi la wanaume, wanawe wanalala na ukoko, halafu watu wanamwita mwenye biashara.

Asubuhi hiyo akakuta rundo la kuni liko ng'ambo, kwa binti mmoja mgeni, Shamimu, mwenye kanga mpya na kicheko cha karibu. Theonest mwenyewe alikuwa anampasulia. Alipomwona Sekela akainama kama aliyedondosha msumari.

Sekela akageukia jiko lake. Alikuwa na mkaa kidogo kwenye mfuko, ukatosha kuivisha samaki na ubwabwa, basi. Maharage hayakuona moto.

Adhuhuri mafundi wakajipanga kwa Shamimu. Ubwabwa wake ulikuwa juu mchele, chini uji. Wakaanza kugeuka mmojammoja, na wa kwanza kuvuka, bila haya, akawa Theonest.

"Dada Sekela, yule bado anajifunza. Hebu nipakulie, na kile kipande changu."

"Kipande chako?"

"Si unajua ninachokulaga, dada yangu."

Sasa, mama lishe hali mbele ya wateja. Akila kabla yao, wanasema anakula riziki yake, na hawarudi tena. Sekela alilijua hilo kuliko wao. Akapakua sahani iliyojaa, akaweka juu kipande cha tumbo, akaivuka mikono ya Theonest iliyokwisha kunyooshwa, akaketi kwenye benchi la wateja. Akanawa. Akala taratibu, akichambua miiba na kuipanga ukingoni mwa sahani.

Wanaume wakasimama wanatazama, kama kuku waliofungiwa nje ya banda.

"Sasa sisi tule nini?" Theonest akauliza.

"Si mnazo mbao."

Mmoja akacheka, akanyamaza haraka. Theonest akasema mwanamke huyu amejifukuza mwenyewe, asije akasema kafukuzwa. Sekela akalamba vidole, akafunika sufuria, akajitwisha.

Nyumbani akawapakulia watoto samaki mzimamzima. Binti yake wa mwisho hakugusa. Akauliza kwa sauti ya chini ni nani aliyekufa, maana chakula kama hiki walikionaga msibani tu.

"Hajafa mtu. Kula."

Wakala mpaka wakaegemea ukuta. Sekela akawatazama, huku akifikiri kesho atawasha moto wapi, kwa kuni za nani. Lakini kwa Theonest hakurudi.